Kidhibiti cha manenosiri kikigomewa na tovuti: namna ya kurekebisha, kwa faida yako na ya wengine

Uko kwenye ukurasa wa kujisajili. Kidhibiti chako cha manenosiri, yaani programu inayokutungia, kukutunzia na kukujazia manenosiri, kimekutungia nenosiri la herufi 20, refu, lisilokisika, nawe umelikubali na kubonyeza kitufe. Tovuti inajibu kwa maandishi mekundu: "Nenosiri lisizidi herufi 16. Kuna alama isiyoruhusiwa." Alama ipi? Haisemi. Unajaribu mara ya pili, ya tatu, kisha unachoka, unafuta lote na kuandika lile la siku zote, unalolijua kwa kichwa na ambalo umeshalitumia kwingine kumi.

Nimewaona watu wengi niliowasaidia kupanga simu na kompyuta zao wakifika hapo, na karibu wote hujilaumu: "Mambo haya mimi siyawezi." Si kweli. Zilizokosana ni programu mbili, na ziumiazo ni nyasi.

Tovuti iliyokugomea wewe leo imewagomea wote wanaotumia kidhibiti kama chako, na kila mmoja amehangaika peke yake kimyakimya. Kwa sababu hiyo, mwezi Juni 2020 Apple ilifungua kwenye GitHub, tovuti ambako watu hutengeneza programu kwa pamoja, mradi uitwao Password Manager Resources. Ni hifadhi ya pamoja ambamo watengenezaji wa vidhibiti mbalimbali, na mtu mwingine yeyote mwenye nia, huandika tabia za tovuti zinazosumbua ili kila kidhibiti kizijue. Sehemu yake muhimu ni mafaili ya maandishi tu. Huhitaji kuwa mtaalamu wa programu. Ukiweza kufungua faili na kuongeza mistari mitatu bila kuvuruga ya wenzako, unaweza kuchangia.

Andaa akaunti ya GitHub, kivinjari, na muda usio na haraka. Kama wewe ndiye unayetengeneza tovuti, pitia yote, lakini hatua ya sita ndiyo yako hasa.

Hatua ya 1: Tambua tatizo ni la aina gani

Matatizo mengi huangukia katika makundi matano. La kwanza, nenosiri lililotungwa linakataliwa. La pili, una akaunti moja inayofanya kazi kwenye anwani mbili, lakini kidhibiti kinaijua anwani moja tu. La tatu, kidhibiti kinakuonya kwamba nenosiri lako limevuja au ni dhaifu, lakini hakijui ukurasa wa kulibadilishia uko wapi. La nne, visanduku vya jina na nenosiri havitambuliki, kwa hiyo havijazwi. La tano, tovuti inazuia kubandika.

Matatu ya kwanza yana mafaili yake katika hifadhi ya pamoja, na wewe mwenyewe unaweza kuyashughulikia. Mawili ya mwisho yako mikononi mwa mwenye tovuti. Kazi yako hapo ni kumwandikia vizuri.

Kabla hujaamua, fungua tovuti hiyo katika dirisha fiche, ukiwa umezima viendelezi vyote (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) isipokuwa kidhibiti. Kisha jaribu kwa kivinjari kingine. Kiendelezi cha kuzuia matangazo huweza kuvuruga fomu, nawe ukaisingizia tovuti kosa lisilo lake. Tatizo likijirudia katika vivinjari viwili, andika tarehe na endelea.

Hatua ya 2: Pima sheria za nenosiri

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wachangiaji wengi wanapokosea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anza na yale tovuti inayosema yenyewe. Ukurasa wa kujisajili, ukurasa wa kubadilisha nenosiri na ukurasa wa msaada mara nyingi hutaja masharti, na si ajabu kukuta kila mmoja unasema lake. Piga picha ya skrini ya kila kimoja. Kisha yajaribu kwa vitendo, kwenye akaunti yako mwenyewe tu, kwa manenosiri ya majaribio ambayo hutayatumia popote. Usijaribu mara hamsini mfululizo. Utafungiwa, na seva ya watu si uwanja wa mazoezi. Majaribio machache yaliyopangwa yanatosha: moja fupi, moja refu, moja lenye kistari, moja lenye alama ambazo tovuti imezitaja.

Baada ya kila nenosiri lililokubaliwa, toka kwenye akaunti na uingie upya. Usiruke jambo hili. Niliwahi kufungiwa nje ya akaunti yangu kwa siku tatu kwa sababu hii. Nilibandika nenosiri la herufi 24, tovuti ikanikaribisha kwa furaha, na siku ya pili ikaniambia nenosiri si sahihi. Nikaomba kuliweka upya, nikabandika jingine, kesho yake yaleyale. Siku ya tatu nilibofya kisanduku kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua kuchunguza msimbo wa ukurasa, na hapo nikaona maneno maxlength="16". Kisanduku cha kujisajili kilikuwa kinakata kila kilichozidi herufi 16 bila kusema neno, na vile vinukta vyeusi huwezi kuvihesabu kwa macho. Kisanduku cha kuingilia hakikuwa na kikomo hicho, kwa hiyo kilipeleka herufi zote 24. Milango miwili ya nyumba moja, na kila mmoja na ufunguo wake. Kwa hiyo unapopima urefu, chunguza msimbo wa visanduku vyote viwili.

Wakati mwingine kikomo kina sababu ya kiufundi. Bcrypt, njia inayotumika sana kuhifadhi manenosiri kwa usalama, husoma baiti 72 za mwanzo tu. Kikomo cha 72 kina maelezo. Kikomo cha 12 au 16 mara nyingi ni mabaki ya mfumo wa zamani ambao hakuna aliyethubutu kuugusa.

Ukishajua masharti, yaandike kwa lugha ambayo vidhibiti vinaielewa. Faili linaitwa password-rules.json, na ingizo moja linaonekana hivi (example.com ni anwani iliyotengwa rasmi kwa ajili ya mifano):

```
"example.com": {
    "password-rules": "minlength: 8; maxlength: 16; required: lower; required: upper; required: digit; allowed: [!@#];"
}
```

Maana yake: herufi zisipungue 8 wala kuzidi 16; lazima pawepo herufi ndogo, herufi kubwa na tarakimu; na alama za mshangao, @ na # zinaruhusiwa ila si lazima. Yapo pia max-consecutive, linaloweka kikomo cha herufi moja kujirudia mfululizo, na special, linalosimamia alama za kawaida kwa ujumla.

Kuna mitego mitatu niliyoiona ikiwanasa hata wazoefu. Wa kwanza: "required: lower; required: upper;" hutaka vyote viwili, lakini "required: lower, upper;" hutaka kimojawapo tu. Koma moja inageuza sheria nzima. Wa pili: ukitaka kistari kiwemo ndani ya mabano ya mraba, kiwe cha kwanza, na bano la kufunga likiwa miongoni mwa alama zinazoruhusiwa liwe la mwisho. Wa tatu: kinachotajwa kuwa cha lazima kinahesabiwa pia kuwa kinaruhusiwa, kwa hiyo huna haja ya kukirudia kwenye allowed.

Halafu kuna jambo linalohitaji busara kuliko sheria zote. Usiibane tovuti kuliko inavyojibana yenyewe. Tovuti ikikubali herufi 64 na wewe ukaandika 16 kwa sababu ulijaribu 16 ikakubali, umewapunguzia ulinzi watu usiowajua. Hesabu yake ni hii: herufi 8 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kundi la 62 (kubwa, ndogo na tarakimu) zina nguvu ya biti 48 hivi; herufi 16 zina biti 95. Kila biti moja inazidisha kazi ya mvamizi mara mbili. Nenosiri la kawaida linalotungwa na vifaa vya Apple lina herufi 20 zikiwemo vistari viwili, na nguvu yake ni biti 71. Tovuti ikilikubali nenosiri la kawaida kama hilo bila shida, haihitaji ingizo lolote. Faili hili ni la zile zinazogoma.

Hatua ya 3: Anwani mbili, akaunti moja

Kidhibiti kina sababu nzuri ya kuwa mkali kuhusu anwani. Tapeli akikutumia kiungo cha tovuti inayofanana kwa sura na ile unayoijua, jicho lako laweza kudanganyika, lakini kidhibiti kinalinganisha herufi kwa herufi na kukataa kujaza. Ukali huo ni kinga yako.

Kinajua kwamba ingia.example.com na picha.example.com ni za mwenye mmoja, kwa sababu kinatumia orodha nyingine ya wazi, Public Suffix List, inayoeleza kikoa cha mtu (jina kuu la tovuti, kama example.com) kinaanzia wapi. Bila orodha hiyo kingeweza kudhani kwamba kila anwani inayoishia na .co.uk ni ya mtu mmoja, na hilo lingekuwa balaa. Kisichoweza kukijua chenyewe ni kwamba kampuni fulani ina vikoa viwili vyenye majina tofauti kabisa, na akaunti ni ileile kwa vyote.

Hayo huandikwa katika shared-credentials.json. Vikoa vyenye hadhi sawa huwekwa pamoja:

```
{
    "shared": [
        "example.com",
        "example.org"
    ]
}
```

Tovuti ikiwa imehama jina, hutumiwa "from" na "to" badala yake, ili manenosiri yatoke kikoa cha zamani kwenda kipya na si kinyume chake. Mwelekeo ni muhimu, kwa kuwa kikoa kilichoachwa huweza kununuliwa kesho na mtu mwingine.

Nasisitiza hapa kwa sababu hili ndilo faili lenye hatari kubwa zaidi. Ukikosea sheria ya urefu, mtu ataudhika. Ukiunganisha vikoa visivyostahili kuunganishwa, vidhibiti vitampa mwenye kikoa cha pili nenosiri lako la kikoa cha kwanza. Kumilikiwa na kampuni moja hakutoshi. Kampuni moja yaweza kuwa na tovuti mbili zenye akaunti mbalimbali. Unachotakiwa kuthibitisha ni kwamba jina na nenosiri lilelile linaingia pote, na kwamba ukilibadilisha upande mmoja limebadilika na upande wa pili. Fanya jaribio hilo. Ongeza na ushahidi wa wazi: ukurasa wa kuingia unaokupeleka kikoa cha pili, au tamko la kampuni yenyewe.

Hatua ya 4: Ukurasa wa kubadilisha nenosiri

Hii ni fupi. Kidhibiti kikikuonya kwamba nenosiri limevuja, kingependa kukupeleka moja kwa moja mahali pa kulibadilisha badala ya kukuacha uzunguke kwenye mipangilio. Kuna njia rasmi: tovuti huweka njia ya mkato kwenye anwani /.well-known/change-password, na yeyote anayeifungua hupelekwa kwenye ukurasa halisi. Kivinjari cha Safari kinaitambua, na Chrome ilianza kuitambua katika toleo la 86, mwaka 2020.

Ifungue anwani hiyo kwenye tovuti unayoishughulikia. Ukifika kwenye ukurasa wa kubadilisha nenosiri, kazi imekwisha. Isipofanya kazi, tafuta ukurasa wenyewe ukiwa umeingia kwenye akaunti, nakili anwani yake, na uiandike katika change-password-URLs.json. Kwanza hakikisha anwani hiyo haina namba ya akaunti yako ndani yake wala kipande cha muda kinachoisha baada ya dakika chache. Ifungue katika dirisha fiche: ikikutaka uingie kisha ikakupeleka panapotakiwa, inafaa.

Hatua ya 5: Tuma mchango wako

Kwenye GitHub tengeneza nakala yako ya mradi, fungua tawi jipya, na uhariri faili husika. Maingizo ya mafaili yenye majina ya tovuti yamepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo tafuta mahali pake, usibandike mwishoni. Angalia koma: katika JSON, muundo ambao mafaili haya yameandikwa, kila ingizo hufuatwa na koma isipokuwa la mwisho, na koma moja iliyozidi huharibu faili zima. Kisha tuma ombi la kuunganisha mabadiliko.

Tuma tovuti moja kwa ombi moja. Najua inachosha ukiwa nazo tano, lakini anayekagua anahitaji kuidhinisha nne zilizo sawa bila kusubiri ya tano yenye utata.

Mazungumzo ya mradi ni ya Kiingereza, na Kiingereza kifupi cha kawaida kinatosha. Katika maelezo yako taja tovuti, tarehe uliyojaribu, nenosiri la urefu gani lilikubaliwa na lipi lilikataliwa, na maneno halisi ya kosa yaliyotokea kwenye skrini. Ambatanisha picha. Kabla ya kuziambatanisha, futa jina lako, barua pepe, namba ya simu na chochote kinachokutambulisha. Ukurasa wa mipangilio ya akaunti umejaa vitu hivyo, na picha ikishawekwa wazi mtandaoni huirudishi.

Mkaguzi akikuuliza swali, asikukatishe tamaa. Swali la kawaida ni "umejuaje?" na swali hilo ndilo linaloifanya orodha iaminike. Mchango ukikubaliwa, kila mtengenezaji wa kidhibiti anaamua mwenyewe lini ataichukua orodha mpya, kwa hiyo usishangae kidhibiti chako kikiendelea na kosa lilelile kwa muda.

Hatua ya 6: Mfikie mwenye tovuti, au kama ni wewe, anza leo

Ingizo kwenye orodha ni bandeji. Kidonda kiko kwenye tovuti, na tiba yake mara nyingi ni mistari michache.

Kwanza, vipe visanduku majina yanayoeleweka. Kivinjari na kidhibiti hulazimika kubahatisha kisanduku kipi ni cha nini, isipokuwa ukiwaambia kwa sifa iitwayo autocomplete:

```
<input type="email" name="email" autocomplete="username">
<input type="password" name="pass" autocomplete="current-password">
```

Hiyo ni fomu ya kuingilia. Kwenye kujisajili na kubadilisha nenosiri, kisanduku cha nenosiri jipya, na kile cha kulirudia, vipewe new-password. Kisanduku cha namba ya kuthibitisha inayotumwa kwa ujumbe kipewe one-time-code. Maneno manne tu, na sehemu kubwa ya kero za kutojazwa zinaisha.

Kama fomu yako huuliza jina kwenye ukurasa wa kwanza na nenosiri kwenye wa pili, liweke jina kwenye ukurasa wa pili pia, katika kisanduku chenye autocomplete="username" kilichofichwa kwa CSS. Vinginevyo kidhibiti kitahifadhi nenosiri lisilo na mwenyewe. Vivyo hivyo kwenye fomu ya kubadilisha nenosiri: bila jina, mtu mwenye akaunti mbili hujikuta amebadilishiwa ile isiyotakiwa kwenye kidhibiti chake.

Pili, sikiliza tukio sahihi. Kuna kurasa ambazo kitufe cha "Ingia" hubaki kimefifia hata visanduku vikiwa vimejaa, mpaka mtumiaji aongeze herufi moja na kuifuta. Chanzo chake ni msimbo unaosubiri kitufe cha kibodi kibonyezwe, na kidhibiti hakibonyezi kibodi. Sikiliza tukio la input, na ukague thamani za visanduku fomu inapotumwa.

Tatu, ruhusu kubandika. Wapo wanaozuia wakiamini wanalinda usalama, nami naamini nia yao ni njema, lakini matokeo ni kinyume. Asiyeweza kubandika huchagua nenosiri fupi analoweza kuliandika kwa vidole. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake SP 800-63B wa mwaka 2017, ilishauri kubandika kuruhusiwe, kikomo cha juu cha urefu wa nenosiri kisiwe chini ya herufi 64, na masharti ya kulazimisha mchanganyiko wa herufi yaachwe. Kiwango cha WCAG 2.2 cha mwaka 2023 kinalitazama suala hilohilo kwa upande wa watu wenye ulemavu: kigezo chake namba 3.3.8 hakitaki mtu alazimishwe kukumbuka au kunakili kwa kichwa ili aingie, na kuruhusu kubandika na vidhibiti vya manenosiri ni njia ya kukitimiza. Kwa mtu ambaye kumbukumbu yake au mikono yake haimtii, kizuizi cha kubandika ni mlango uliofungwa.

Nne, kama una masharti ambayo huwezi kuyaondoa sasa, yaseme kwenye msimbo wenyewe. Lugha ileile ya hatua ya pili huweza kuandikwa ndani ya kisanduku kwa sifa ya passwordrules. Si vivinjari vyote vinavyoisoma, lakini kwa vile vinavyoisoma mtumiaji wako atatungiwa nenosiri linalokubalika mara ya kwanza.

Tano, weka ile njia ya /.well-known/change-password. Inatosha seva ijibu kwa kuelekeza kwingine, kwa msimbo wa 302, 303 au 307. Kuna hitilafu moja ya kuangalia: seva nyingine hujibu 200, yaani "ipo", kwa anwani yoyote ile hata ya kubuni, kisha huonyesha ukurasa wa "samahani, hatukupata." Kidhibiti hakiwezi kuamini seva ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo huijaribu kwanza kwa anwani ambayo haitakiwi kuwepo, na kikipata 200 huachana na njia ya mkato. Hakikisha kisichokuwepo kinajibiwa 404.

Sita, kama unatuma namba za kuthibitisha kwa ujumbe mfupi, malizia ujumbe kwa mstari unaoifunga namba na kikoa chako:

```
Namba yako ya kuthibitisha ni 747723.

@example.com #747723
```

Simu inayoelewa muundo huu itapendekeza namba hiyo kwenye tovuti yako, na haitaipendekeza kwenye tovuti ya tapeli.

Na kama tovuti si yako, mwandikie mwenyewe. Barua za hasira hufutwa. Barua inayoweza kunakiliwa na kupelekwa moja kwa moja kwa fundi husomwa. Mimi huandika hivi:

"Habari za kazi. Ninatumia kidhibiti cha manenosiri. Kwenye ukurasa wenu wa kubadilisha nenosiri, kisanduku cha kurudia nenosiri jipya hakikubali kubandika. Nimejaribu leo kwa vivinjari viwili tofauti na hali ni ileile, picha nimeambatanisha. Naomba mwondoe kizuizi hicho na kuongeza autocomplete="new-password" kwenye visanduku vyote viwili. Mkisharekebisha, niko tayari kujaribu tena na kuwapa majibu."

Ombi moja kwa barua moja. Likitekelezwa, shukuru, kisha leta la pili. Nimejibiwa na watu ambao hawakuwa na habari kabisa kwamba tovuti yao inawasumbua watumiaji. Walikuwa hawatumii vidhibiti wao wenyewe, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Hatua ya 7: Rudi uangalie

Weka kumbukumbu ya miezi sita. Siku hiyo ikifika, rudia majaribio ya hatua ya pili kwenye tovuti uliyoiingiza: toka, ingia, tunga nenosiri la kawaida bila kufuata sheria uliyoandika, uone kama sasa linakubaliwa. Tovuti hubadilika, na sheria iliyopitwa na wakati inaendelea kumtungia kila mtu manenosiri dhaifu kuliko yanayowezekana.

Ukikuta kikomo cha 16 kimeondolewa, fungua faili lilelile, futa ile mistari yako mitatu, tazama tena koma, na utume ombi lenye picha mpya ya skrini.